Mke wa Askari wa Geti

Habari za chuo kufunguliwa ziliingia nyumbani kwa Badawi, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, wakati familia imekaa kula. Hana alisoma ujumbe kwenye simu yake, akailaza kifudifudi kando ya sahani, akaendelea kumtoa samaki miiba bila kumla.

"Kuna nini?" aliuliza mama yake, Bi Badriya.

"Chuo. Sisi wa uuguzi, mwaka wa tatu, tunatakiwa Riyadh wiki ijayo. Wanasema mafunzo ya wodini hayawezekani tena kwenye kompyuta."

"Alhamdulillahi," alisema Badawi. "Tangu corona iingie umejifungia chumbani kama mwari."

"Mimi sirejei, baba."

"Hurejei wiki ijayo, au hurejei kabisa?"

"Kabisa."

Mchuzi aliokuwa ameushika Rispah, mfanyakazi wao wa nyumbani, ulimwagika kidogo juu ya kitambaa cha meza. Aliomba radhi, akafuta, akarudi jikoni, akasimama mbele ya sinki bila kufungua maji. Wenye nyumba walidhani ameteleza tu. Hawakujua kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa ameisubiri siku ya chuo kufunguliwa kuliko mtu yeyote.

Mume wake, Onesmus, alikuwa askari wa geti katika chuo hichohicho. Alitoka kwao Vihiga mwaka 2017, wakati mawakala walikuwa wakipita vijijini wakiandikisha watu wa Saudia kama wanaoandikisha wapiga kura. Siku moja Hana, akiwa mwanafunzi mpya, alimsikia getini akizungumza Kiswahili kwenye simu. Akasimama. "Kaka, wewe mtu wa wapi?" Yeye mwenyewe alizaliwa Jeddah, lakini babu yake aliondoka Unguja mwaka 1964, na nyumbani kwao Kiswahili hakikuwahi kuachwa. Baadaye Bi Badriya alipotafuta mfanyakazi wa kumsaidia kumtunza mama yake mzee, Hana alimkumbuka yule askari aliyesema ana mke kijijini. Ndivyo Rispah alivyofika Jeddah mwaka 2019, akimwacha binti yao Mourine kwa nyanya yake.

"Saudia ni Saudia," Onesmus alimwambia kwa furaha kabla hajapanda ndege. "Tutakuwa nchi moja."

Rispah alipofika ndipo alipojua kwamba kutoka Jeddah hadi Riyadh ni kama kutoka Mombasa hadi Busia, na katikati ni jangwa. Walipanga kuonana Idi ya mwaka uliofuata. Idi hiyo ikaja barabara zikiwa zimefungwa na watu wamefungiwa majumbani. Sasa ilikuwa Januari 2021, na hawajaonana tangu Onesmus aondoke nyumbani.

Jioni Rispah alimpigia mumewe akiwa anaanika nguo kwenye roshani.

"Wanafungua!" Onesmus alisema kabla ya salamu. "Tumeambiwa leo. Tunapaka rangi mistari ya kusimama. Atakuja lini huyo msichana wenu?"

"Haji."

"Haji aje?"

"Amekataa. Anasema hata masomo anaacha."

Rispah alisikia ufagio wa mtu ukipita nyuma ya Onesmus.

"Mama Mourine, sikiliza," alisema. "Kandarasi yangu inaisha mwisho wa Februari. Chuo kikiwa na watu, kampuni itaniongezea. Kikiwa kitupu hivi, wananirudisha nyumbani. Na wewe umebakisha mwaka mzima hapo. Unaelewa? Nitapita juu ya kichwa chako kwa ndege."

"Naelewa."

"Bweni bado limefungwa. Lazima akae kwa shangazi yake hapa Al-Naseem, na huyo shangazi magoti yamemshinda. Watahitaji mtu wa kupika. Nani mwingine kama si wewe? Anakupenda, huyo mtoto. Mwambie arudi."

"Mtoto anaogopa, Baba Mourine. Bibi yake alikufa kwa corona mikononi mwake. Nimsukume kwa sababu mimi nataka kukuona?"

"Mimi sijasema umsukume. Nimesema umwambie."

"Ni kitu kimoja."

Waliagana vibaya, kila mmoja akiona mwenzake hajamwelewa.

Kesho yake Rispah alipeleka nguo zilizopigwa pasi chumbani kwa Hana. Koti jeupe la uuguzi lilikuwa limekunjwa chini kabisa ya kapu, nalo halikuwa chafu. Hana alikuwa amelala chali, macho darini.

"Da Rispah, hilo koti kampe mtu."

"Nani atalivaa? Lina jina lako kifuani."

Hana hakucheka. "Unajua kinachoniuma? Si kwamba nilikosea. Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilimlaza bibi kifudifudi, nilimpima pumzi, nilimwita daktari mapema. Ukaja wewe tukamgeuza pamoja. Na bado akafa. Sasa nirudi wodini nikafanye yaleyale kwa mama za watu, halafu nao wafe?"

Rispah alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Maneno mazuri yalimjaa mdomoni. Angeweza kusema kwamba bibi angependa arudi. Angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Hana angelia, angemkumbatia, na wiki ijayo wangekuwa safarini. Alijua hivyo, na ndiyo sababu aliogopa kufungua mdomo.

"Hana, mimi usiniulize ushauri juu ya hili jambo," alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nataka uende. Nataka sana. Ukienda, labda nitapelekwa na wewe, na pale getini kuna mume wangu ambaye sijamwona tangu mwaka 2017. Sasa chochote nitakachokwambia, hutajua kama nasema kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe sijui. Kwa hivyo amua bila mimi."

Hana aliinuka akakaa, akamtazama kana kwamba amemwona leo. "Askari Onesmus? Bado yuko palepale?"

"Palepale."

"Na hamjaonana hata siku moja? Mimi nilidhani…" Hakumaliza alichodhania. Ukweli ni kwamba hakuwa amewahi kulifikiria.

Mlangoni palisikika mtu akivuta pumzi. Bi Badriya alikuwa amesimama na kikombe cha uji mkononi, na alikuwa amesikia ya kumtosha.

"Kumbe ndiyo hivyo," alisema polepole. "Mwanangu akatupwe kwenye maradhi ili wewe ukamwone mumeo."

"Madam, mimi nimemwambia—"

"Nimesikia ulichomwambia! Mama yangu katoka nyumba hii maiti. Sasa na mtoto? Nilikuleta hapa kama mtu wa kwetu, Rispah. Kama mtu wa kwetu!"

"Mama, hukusikia vizuri," Hana aliingilia.

"Nyamaza." Aliweka kikombe juu ya meza, akaondoka.

Tangu saa ile Bi Badriya hakusema Kiswahili tena na Rispah. Alimwagiza kwa Kiarabu, kifupi kifupi, kama majirani walivyowaagiza wafanyakazi wao. *Yalla*, maji. *Halas*, ondoa. Hakumtukana, hakumkata mshahara, wala hakumnyang'anya simu. Alimfungia lugha tu. Rispah, ambaye mara nyingi aliwaambia wenzake wa Kenya kwamba yeye ana bahati, anapika kwa watu wanaocheka naye utani mmoja, sasa alipita vyumbani kama mtu aliyehamishiwa nyumba nyingine. Siku moja Bi Badriya alikuwa na mgeni, na Rispah alipoleta kahawa akamsikia akisema kwa Kiarabu, pasipo kushusha sauti, "Hawa ukiwapa uso, wanakuuzia mtoto." Rispah Kiarabu chake kilikuwa kidogo, lakini hicho alikielewa. Aliweka trei chini taratibu ili vikombe visigongane.

Ni Hana aliyevunja ukimya, wakati wa chai.

"Nitakwenda," alisema. "Sijui kama nitaweza, lakini nitakwenda nikajaribu. Nikishindwa, nitarudi nikiwa nimeona kwa macho yangu. Na ninataka Da Rispah twende naye."

Bi Badriya aligeukia ukuta. Badawi, ambaye kazini kwake bandarini alizoea kusikiliza pande mbili za kila ugomvi wa mizigo, alimwita Rispah kutoka jikoni.

"Ulimwambia aende?"

"Hapana, baba. Nilimwambia ninataka aende. Na nikamwambia asinisikilize."

"Kwa nini ulimwambia hivyo? Ungelificha hilo ukamsihi tu, ungepata ulichotaka."

"Angepatwa na jambo huko, ningejiuliza maisha yangu yote."

Badawi alisukuma kikombe chake mbele. "Badriya," alisema, "mtu aliyetaka kumuuza mtoto hasemi bei mbele ya mtoto." Halafu akamwambia Rispah, "Mimi ndiye kafili wako, niliyekudhamini hapa nchini, na mimi ndiye nitakayeendesha gari. Fungasha nguo za baridi. Riyadh si Jeddah."

Asubuhi ya safari Bi Badriya alimkumbatia Hana mpaka kitambaa chake kikalowa. Rispah alimpa mkono, naye akaupokea kwa ncha za vidole.

Walisafiri siku nzima na kulala Al-Naseem. Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa ya kukata masikio. Hana alijifunika blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari na kuomba hita ifunguliwe mpaka mwisho. Alikuwa kimya, akikunja na kukunjua mikono ya koti lake jeupe.

Mbele ya geti palikuwa na vizuizi vya plastiki na mistari mipya ya njano. Wasichana walisimama mbalimbali, barakoa usoni, wakipeana salamu kwa mbali. Madereva na wafanyakazi waliowasindikiza walielekezwa kando, nyuma ya kamba, kwenye viti vilivyopigwa na vumbi. Bango lilisema watu wa huduma hawaruhusiwi kuvuka. Rispah alivuka kamba hata hivyo, kwa kuwa Hana alikuwa amemshika kiganja na hakumwachia.

Onesmus alikuwa wa pili kutoka kulia, na kipimajoto mkononi. Rispah alimjua kwa mabega kabla ya kuona macho. Yeye naye aliwaona, na mkono wenye kipimajoto ukashuka. Kisha akatupa jicho kwa msimamizi wake aliyekuwa amesimama nyuma, akaunyanyua tena.

"Karibu, madam," alimwambia mke wake, kama alivyowaambia wote. Akaelekeza kipimajoto kwenye paji la uso wake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Uko sawa." Akamgeukia Hana.

Kipimajoto kililia kwa nguvu na kuwaka rangi nyekundu.

Waliokuwa nyuma walirudi hatua moja kwa pamoja. Msimamizi alikuja mbio, akasoma namba, akatikisa kidole. "*Mafi dukhul!* Hakuna kuingia. Mrudisheni nyumbani."

"Mudir," alisema Onesmus kwa Kiarabu chake cha kazini, "ametoka kwenye gari lenye hita. Angalia, ana blanketi. Apoe kidogo tumpime tena."

"Wewe ni daktari?"

Madereva kwenye viti walicheka. Onesmus aliinamisha kichwa. Aliyeandika ripoti za askari, na aliyesema nani aongezewe kandarasi, alikuwa ni mtu huyuhuyu.

"Unamjua huyu binti?" msimamizi aliuliza. "Mbona unamtetea?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Onesmus alitazama mkono wa Rispah ulioshikana na wa Hana.

"Namjua. Ni mwanafunzi wa hapa. Na aliyemshika mkono ni mke wangu. Lakini ningesema hivi kwa yeyote."

Msimamizi aliwatazama wote wawili. Badawi alikuwa ameshuka garini na anakuja, akiita kwa mbali kwamba yeye ni baba. "Hana, twende zetu," alisema alipofika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Umejaribu, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu."

Hana alikuwa akihema haraka. Njia ya kurudi Jeddah ilikuwa wazi, na mara hii si yeye aliyeifungua. Ni mashine iliyomkataa. Rispah aliliona hilo, na aliona pia jinsi siku yake mwenyewe inavyomponyoka. Alikaza tu kiganja.

Hana alilivua blanketi, akampa baba yake.

"Nitakaa hapa nje," alimwambia msimamizi kwa Kiarabu safi. "Mtanipima tena. Ikiwa nina homa, nitaondoka mwenyewe."

Akaenda akaketi nyuma ya kamba, kwenye kiti cha vumbi kati ya madereva, koti jembamba likipepea kwa upepo. Meno yalimgongana. Rispah alikaa kando yake.

"Da Rispah, sema kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Kisihusu mimi."

Basi Rispah akamweleza jinsi Mourine alivyomwandikia mwalimu wake kwamba mama yake anaishi jikoni na baba yake anaishi getini, na mwalimu akadhani nyumba yao ni kubwa sana. Hana aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kuwa machozi, kisha pumzi zikatulia.

Walipomrudisha kwenye mstari, kipimajoto kilitoa mlio mdogo tu wa kawaida. Onesmus alimwonyesha msimamizi namba bila kusema lolote. Msimamizi alisogeza kizuizi mwenyewe. Hana aliingia. Hakugeuka nyuma, na Badawi alisimama akishika blanketi mpaka binti yake alipopotea kwenye kona ya jengo.

Kisha akapiga simu Jeddah. Aliongea muda mrefu huku akitembea huku na huku kandokando ya gari. Aliporudi alimnyooshea Rispah ile simu.

"Rispah," sauti ya Bi Badriya ilisema. Kwa Kiswahili. "Kaingia kweli?"

"Ameingia, madam. Kwa miguu yake."

"Na walitaka kumrejesha, akakataa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Bi Badriya alikohoa. "Mie siku hizi naogopa kila kitu. Nikiogopa nasema maneno mabaya. Yale niliyoyasema mbele ya mgeni… najua ulifahamu."

"Nilifahamu."

"Nisamehe. Huyo mumeo yupo? Mpe simu. Umekaa kwangu muda wote huu, na mtu mwenyewe sijamsalimia hata siku moja."

Onesmus alipewa simu juu ya kamba. Alisimama wima kana kwamba anaonwa. "Shikamoo, mama," alisema, na baada ya hapo alikuwa akisema tu "asante, asante mama," mara nyingi, mpaka msimamizi akamwonyesha saa.

Hana alitoka alasiri akiwa na njaa. Alisema walifundishwa upya kuvaa mavazi ya kujikinga, na kwamba mwenzake alitapika, naye ndiye aliyemshika kichwa. "Kesho tunaingia wodini," alisema, akimega mkate. Alisema kama mtu anayetaja kazi iliyo mbele yake, si zaidi.

Hakuwa amepona hofu. Wiki ile alilia mara mbili kwa shangazi yake, na asubuhi moja Rispah alimvuta kitandani kwa miguu. Lakini kila siku alivuka kile kizuizi. Chuo kilijaa, kampuni ikaona askari hawatoshi, na Onesmus akatiwa kwenye orodha ya wanaobaki. Badawi, kabla ya kurudi Jeddah, alimwambia Rispah kwamba Ijumaa ni zake, asubuhi mpaka magharibi, na asiombe ruhusa kwa mtu.

Ijumaa ya kwanza walikutana kwenye bustani ndogo ya umma mtaani Al-Naseem, juani, kwenye benchi iliyo mbali na watu. Onesmus alikuja na shati lililopigwa pasi, akitoka kwenye zamu ya usiku. Aliivua barakoa. Ndevu zilikuwa na mvi kidevuni.

"Hizi nazo?" Rispah aliuliza.

"Ni za serikali. Nitazirudisha nikiondoka."

Walicheka. Halafu hawakujua waanzie wapi. Rispah alikuwa amebeba mambo mengi moyoni: shamba, mama mkwe, ada, jino la Mourine, siku ya kifo cha bibi, ule ugomvi wao wa kwenye simu. Alifungua chapati alizopika, akampa. Onesmus alikula akitikisa kichwa kwa kila tonge, macho yakiwa mazito.

"Nilikukasirikia siku ile," alisema. "Halafu nikafikiria, nikaona ulikuwa sawa."

"Ningekuwa sawa na bado nisikuone."

"Ndiyo. Hapo ndipo palinikasirisha zaidi."

Rispah akaanza kumsimulia, kuanzia siku alipotua uwanja wa ndege na mabegi yake. Alipofika kwenye habari ya mvua iliyobomoa choo cha nyumbani, akaona hajibiwi. Aligeuka. Onesmus alikuwa amelala, kipande cha chapati mkononi, kichwa kikishuka kidogo kidogo mpaka kikamwangukia begani.

Watoto walipita wakikimbiza mpira. Mpira uligonga mguu wa benchi, nao wakasimama kwa wasiwasi. Rispah aliweka kidole mdomoni kuwaashiria wanyamaze, akausukuma mpira kwa unyayo kuelekea kwao. Kisha akakaa vizuri, bega lisitikisike, akaendelea kusimulia kwa sauti ya chini.